Kuhusu Damu Yangu Unayotaka Kuipeleka Nairobi

Kondele, Kisumu
Jumamosi jioni

Mwanangu Awuor,

Kuanzia Awasi mpaka Port Victoria hakuna mtu aliyeoga akatakata miaka hii yote bila mkono wangu kuwemo. Hilo nataka litangulie. Maharusi, maiti, waheshimiwa wanaokwenda kuomba kura, wanakwaya na makwapa yao, wote wamepita kwenye povu langu. Kabla sijaanza kupika sabuni ya mafuta ya samaki wa mbuta hapa Kondele, watu wa mji huu walikuwa wanajisugua tu na kutumaini. Meneja wa kiwanda kimoja kikubwa alitoka Nairobi na gari, akaja kunibembeleza nimfundishe siri. Nikampa chai, nikamwambia arudi alikotoka. Wakati mwingine nikisimulia huwa anakuja na magari mawili na dereva Mzungu. Umezisikia hadithi zote mbili na hujawahi kunirekebisha mbele ya watu. Nilikuwa nakushukuru kwa hilo. Sasa naona afadhali ungenirekebisha hata mara moja.

Nakusikia nyumba ile nyingine unapiga nguo pasi, na mama yako mdogo anakuhubiria kuhusu sweta, baridi ya Nairobi na vibaka wa stendi. Hayo nimemwachia. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni damu yangu.

Jumapili iliyopita, kwenye maombi ya kukuaga, mchungaji alikusimamisha mbele ya akina mama wa kanisa. "Nyathina," akasema, mwanangu, "huko chuo kikuu unaenda kusomea nini hasa?" Sote tulidhani utasema udaktari. Ukasema baiokemia. Mchungaji akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Halafu ukaninyooshea kidole.

"Baba yangu alikufa kwa pombe mbaya," ukasema. "Baba mdogo alikunywa pombe hiyohiyo, siku hiyohiyo, benchi moja, na huyu hapa amekaa. Nataka kujua mwili wake ulifanya nini. Nitaanza na damu yake."

Watu walipiga makofi. Yule jirani yetu anayeuza nyavu akapiga kelele, "Okelo! Hata sumu inamwogopa!" Na mimi nikafanya nini? Nikasimama, nikakunja mkono wa shati, nikawaonyesha mshipa. Nikawaambia damu hii ikifika Nairobi itawekewa askari mlangoni. Wakacheka mpaka mama mmoja akamwaga chai.

Ungeishia hapo ningelala vizuri. Lakini watu walipoanza kula ukanivuta pembeni ya tangi la maji, ukaniambia kwa sauti ya chini kwamba umeshazungumza na mwalimu wako wa baiolojia, kwamba ana mtu anayemfahamu huko chuoni, na kwamba likizo ya kwanza nitapanda basi nije nitolewe damu. Nikajaribu mzaha. Hukucheka. Ukasema, "Baba mdogo, wewe ndiye swali langu. Ndilo lililonifanya nisome."

Tangu hapo ugali haunishuki. Nimeunguza sufuria mbili za sabuni wiki hii, mimi, mtu ambaye naweza kupika sabuni nikiwa nimefumba macho. Mama yako mdogo anadhani nina malaria.

Kwa hiyo kuna kitu lazima ukijue kabla hujamwambia profesa yeyote habari zangu. Nitakifikia. Niache nikifikie kwa njia yangu, maana nikikurupuka nacho nitakigeuza kuwa hadithi, na hadithi umeshapata za kutosha.

Unakumbuka ile siku ya mvua kwenye banda la sabuni, ukiwa Fomu Thrii? Ulichovya kidole kwenye chupa yangu ya glisirini, ile ninayoichuja mara mbili, ukalamba, ukasema, "Baba mdogo, unajua hii ni jamaa ya pombe?"

Kidogo nitumbukie kwenye sufuria. Glisirini ninayowauzia akina mama wa kanisa wapake midomo iliyopasuka! Glisirini wanayowapa watoto wenye kikohozi! "Nyamaza," nikakwambia, "kuna watu nje."

Ulicheka sana. Halafu ukanieleza, na mimi nilijifanya nasikiliza kwa hisani tu, kama mzee anavyomsikiliza mtoto, kumbe nilikuwa nakula kila neno. Unajua nilisoma mpaka Fomu Tu, nikatoka kwa hiari yangu, walimu wakabaki wanalia. (Hapana. Walimu hawakulia. Hawakugundua hata kwamba sipo.) Ukasema zote ni familia ya alkoholi: iliyomo kwenye chang'aa ya mitaani, na ile kali ya viwandani inayopofusha watu, na hii tamu yangu. Zinatofautiana mikono. Zile mbili ni ndogo na zina mkono mmoja mmoja. Glisirini ina mitatu, na kila mkono unapenda kushikana na maji.

Ukasema mwili wote ni vyumba vidogo vidogo, seli, na kila chumba kimezungushiwa utando wa mafuta. Ukachukua kipande cha sabuni ukanionyesha: upande mmoja wa chembe unapenda maji na upande mwingine unapenda mafuta, na utando umejipanga hivyo, safu mbili, mafuta yakiwa katikati. Hilo nililielewa mara moja. Mtu amepika sabuni maisha yake yote, utamwambia nini kuhusu mafuta na maji?

"Sasa," ukasema, "wale mama wanaokaanga mifupa ya mgongo wazi kule Obunga, moshi wao si unaingia mpaka kanisani?"

"Unaingia. Mahubiri yote yananuka mifupa ya mbuta."

"Unapiga hodi?"

"Hodi gani! Unapita kwenye mabati, kwenye mbao, unapita mpaka kwenye koti la mchungaji."

"Basi pombe inaingia kwenye seli hivyo. Ni ndogo, inajipenyeza kwenye utando wenyewe. Haihitaji mlango."

"Na glisirini?"

Hapo macho yako yaliwaka, Awuor. Ukasema glisirini ni kama mama anayetoka sokoni na makapu matatu, maji yamemng'ang'ania kila mkono. Akifika kwenye ukuta wa mafuta anakwama, au anapita kwa taabu na kuchelewa mno. Kwa hiyo seli inayomhitaji inajenga mlango. Mlango huo ni protini, uzi mrefu uliojikunja ukapenya utando toka upande huu mpaka ule, na katikati ukaacha kinjia chembamba. Glisirini anapita humo mmoja mmoja, kama watu pale geti la gati siku za meli ya abiria. Hakuna anayemsukuma na hakuna anayemtoza. Kama nje wako wengi na ndani wachache, wanaingia tu, mpaka pande zikaribie kulingana. Ukasema kwenye vijidudu mlango huo umeshaonekana, na kwa wanyama wasomi ndio wanaanza kuutafuta.

Nikakwambia nyinyi watoto wa shule mko kinyume na glisirini: mnatoka palipo na wachache mnakwenda palipo na wengi, na nauli juu. Ukacheka tena. Halafu uso wako ukabadilika, na tangu siku ile uso huo naujua.

"Ndiyo maana wewe sikuelewi," ukasema. "Pombe ingekuwa na mlango, ningesema wako ulifungwa. Lakini haina. Ile mbaya iliingia mwilini mwako kama ilivyoingia kwa baba. Ini lako lingeigeuza sumu kama la baba. Sasa kwako iliishia wapi?"

"Ukoo wetu una damu ya chuma," nikakujibu.

"Na baba alikuwa wa ukoo gani?"

Mvua ikaendelea kupiga mabati. Mimi nikakoroga sabuni ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Basi nikusimulie ile Jumapili. Nimeisimulia mara nyingi na kila mara vikombe vinaongezeka. Leo vitabaki vile vilivyokuwa.

Ulikuwa na miaka sita. Ni ule mwaka mbuta walikuwa wengi mpaka mafuta yao yanatupwa kando ya ziwa, na mimi nikaona mali pale wengine walipoona uvundo. Hiyo ni kweli, usiikate. Sufuria yangu kubwa ya kwanza ya sabuni ilikuwa imeisha yote sokoni, na nilitaka mtu aione furaha yangu. Nikaenda kumtoa baba yako kwenye kona yake ya baiskeli. Ouma hakuwa mnywaji. Kikombe kimoja, akizidi sana viwili, halafu anarudi kwenye spoku zake. Alikuwa ameinamia gurudumu, mafuta mpaka kwenye viwiko.

"Wuod baba," nikamwambia, maana sisi tuliitana hivyo, mwana wa baba, "leo hushiki spana."

"Kuna mwalimu anasubiri hii baiskeli."

"Mwalimu atatembea. Ana miguu."

Akafuta mikono. Mimi ndiye niliyemtoa pale. Andika hilo popote unapoandika mambo yako.

Tukaenda kwa yule mama muuza chang'aa tuliyemwita Pesa Mbele, na jina linatosha kukueleza ukarimu wake. Mimi nilivaa gambuti zangu, zile buti ndefu za mpira, kama kawaida. Watu walikuwa wananitania, "Okelo, jua lote hili na gambuti?" Nami nawajibu kwamba mtu wa sabuni anakanyaga soda kali, kiatu cha ngozi kingeliwa chote. Wewe mwenyewe, ulipokuwa mdogo, uliwahi kuuliza kwa nini kila Jumatatu gambuti zangu zimetundikwa kwenye vigingi vya ua, midomo chini. Mama yako mdogo alikwambia ni jasho.

Wiki hiyo askari walikuwa wamemvunjia Pesa Mbele mitungi yake. Kumbe alinunua jerikeni ya kitu kingine kwa mtu asiyemjua, akachanganya na masalio. Hilo tulilijua baadaye. Siku ile alimwaga kidogo kwenye kifuniko, akawasha kiberiti, moto wa bluu ukatambaa.

"Mnaona?" akasema. "Safi."

Tukatikisa vichwa wote, na mimi kuliko wote. Ndivyo tulivyokuwa tunapima huku kwetu: ikiwaka bluu, kunywa. Ni wewe uliyeniambia, miaka baadaye, kwamba ile ya kupofusha nayo huwaka bluu, pengine kwa weupe zaidi. Moto unakwambia hii ni alkoholi. Haukwambii ni ndugu yupi wa familia hiyo.

Tukakaa kwenye benchi la ukutani, mimi na baba yako na wanaume wengine wa mtaa. Nikaanza kazi yangu ya kuwafundisha watu kunywa. Unanijua nikiwa na wasikilizaji. Nilikuwa nanyanyua kikombe, napiga hadithi, wakigeuka kucheka mimi kikombe nimeshakimaliza, nakigonga juu ya benchi.

"Wuod baba," Ouma akaniuliza, "umefika cha ngapi?"

"Cha tano."

"Ai! Hapana, hapana. Mama, niongezee."

"Wewe nenda kwenye spoku zako," nikamwambia, na watu wakacheka.

"Huyu nimemfundisha kuogelea," akawaambia. "Nimemfundisha kupanda baiskeli. Atanishinda mimi kwa kikombe?"

Alikuwa mkubwa na mimi mdogo, na toka utotoni hakuwahi kukubali nimpite katika jambo lolote. Tulikuwa tunashindana hata kumaliza ugali. Akaongezewa. Nilipogonga kingine, akaongezewa tena. Alikuwa anacheka. Nataka ujue kwamba alikuwa na furaha, ingawa sijui kama hilo litakusaidia.

Kesho yake nililala mpaka jua kali. Mama yako alikuja kuniita. Nilipoingia kwenu Ouma alikuwa amekaa kitandani, amegeuza uso kuelekea dirishani, mwanga wote umemwagika usoni mwake.

"Okelo," akasema, "mbona mmezima taa?"

Tukadhani anatania. Mama yako akafungua mlango wote mpaka ukagonga ukuta.

"Basi fungueni mlango," akasema.

Tulimpeleka hospitali kwa mkokoteni wa maji. Na mimi pia nilikuwa mgonjwa, Awuor, hili ni la kweli kabisa na ulishike kwa sababu utalihitaji. Kichwa kilikuwa kinapasuka, na macho yangu yalikuwa yanaona ukungu, kama mtu anayetazama kupitia maziwa. Nikaketi sakafuni. Daktari akainama akaninusa, akasema, "Huyu naye alikunywa. Huyu ana bahati." Wengine wa lile benchi walikuwa wanaletwa mmoja mmoja. Nikamwacha aamini hivyo. Jua halijazama baba yako akafa. Alikuwa ameshika mkono wangu akidhani ni wa mama yako, akawa anauambia maneno ya mke na mume, na mimi sikumwambia ni nani.

Siku tulipomzika mama yako alinifuata nyuma ya nyumba. Hakuwa analia.

"Shemeji," akasema, "mlikunywa pamoja?"

"Pamoja."

"Mtungi mmoja?"

"Mmoja."

"Basi wewe una nini ambacho mume wangu hakuwa nacho?"

Hapo, mwanangu, ndipo palikuwa mahali pa kusema. Maneno machache tu yangetosha. Lakini wazee walikuwa wanapita na viti, na vijana wa Kondele walikuwa wamesimama pale wakiniangalia, na mimi nilikuwa Okelo. Nikatoa kifua. Nikasema, "Shemeji, mimi pombe hainiingii."

Akanitazama mpaka nikaangalia chini. Matanga yalipokwisha, wazee walileta yale mazungumzo ya kwetu, kwamba mimi ndiye wa kumrithi mama yako. Akasimama mbele yao wote akasema, "Mtu ambaye hata sumu haimwingii, huruma itamwingilia wapi?" Akafunga mizigo, akaenda Awasi kuuza mahindi. Wewe alikuacha kwangu kwa ajili ya shule tu. Tangu siku hiyo hajala chakula changu, na sabuni yangu haogei. Nimeuliza wauzaji wote wa Awasi. Hanunui.

Na mimi ile sentensi nikaitunza kama ng'ombe wa maziwa. Pombe hainiingii. Ilinilipa soda, ilinilipa nyama choma, ilinilipa viti vya mbele kwenye harusi. Baadaye nikasimama kanisani nikatoa ushuhuda kwamba nimeacha pombe kabisa, mimi niliyeshinda sumu, na kanisa zima likalia. Mchungaji mpaka leo ananitaja kwa vijana. Nikiwa nimekaa pale mbele huwa naangalia mikono yangu.

Uongo wangu mwingine ni wa bure, Awuor. Yule meneja na magari yake mawili hakumpeleka mtu yeyote mahali popote. Lakini huu umekuchukua wewe mkononi toka darasa la kwanza, umekukalisha kwenye taa ya mafuta wenzako wakicheza, umekupeleka mpaka chuo kikuu, na kesho unapanda nao basi. Ni uongo uliofanya kazi kuliko baba yeyote. Ndilo linaloniuma. Nikiuvunja naogopa utashukia Kericho urudi. Nisipouvunja utafika huko, utasimama mbele ya watu waliosoma, utawaambia una mtu nyumbani ambaye sumu haikumweza, watamtoa damu, wataangalia, na watakuta damu ya mzee wa Kondele aliyekula samaki wengi. Watakucheka kwa adabu, kama wanavyocheka wasomi, na wewe utajua nimekucheka mimi kwanza.

Sitakwambia uishi vipi. Ningejua ningekuwa nimeishi hivyo. Ninachojua ni hiki kidogo: nilidhani kujisifu ni kama sabuni, kunapita juu ya ngozi tu na kusuuzwa jioni. Kumbe kunapita ukutani. Hakuna mlango wa kufunga. Ukishakuwa mtu wa kusifiwa kwa jambo usilolifanya, kila siku inabidi ulifanye tena, na mtu aliyekaa karibu nawe atajaribu kulingana nawe. Hayo mengine utayajua mwenyewe.

Lakini mlango wa glisirini upo. Huo hautegemei mimi. Uliuona kwenye vitabu kabla ya kuniuliza mimi chochote, na siku ile ya mvua ulipoueleza hukuwa unamfikiria marehemu wala mimi. Ulikuwa unaufikiria wenyewe, kidole kikiwa kitamu. Kama unataka kitu cha kuanza nacho, anza na huo. Nimekuwekea chupa ndogo chini ya sanduku, imechujwa mara tatu. Ni safi kuliko kitu chochote nilichowahi kuuza.

Sasa sikiliza. Kesho basi litasimama Awasi kupakia watu. Mama yako atakuwa kando ya barabara na mahindi yake ya kuchemsha, najua, ameshatuma salamu kwamba atakungoja. Barua hii isome kabla ya hapo. Ukitoka stendi ya Kisumu una nafasi ya kutosha, barabara ni nzuri. Ukifika umpe barua hii kupitia dirishani. Usimweleze kitu, usinitetee. Aliuliza swali miaka yote hiyo iliyopita na alistahili kujibiwa siku ileile, mbele ya wale wazee na viti vyao. Mimi nilimjibu kwa kifua.

Likizo ukiniita Nairobi nitakuja. Mkitaka damu mtatoa, ni yenu. Usipoita nitajua pia.

Pale stendi kesho nitapiga kelele kama kawaida. Nitamwambia dereva amebeba profesa, nitamwambia akikanyaga shimo atanijua. Niache nifanye hivyo. Utakuwa na barua mfukoni, na kabla ya Awasi utajua.

Mama yako mdogo amenyamaza. Nafikiri nguo zimekwisha. Ngoja niandike kabla hujaja kunitakia usiku mwema, maana ukija nitaanza hadithi.

Swali lako ni kwa nini pombe ile ilimuua baba yako na mimi nikabaki na ukungu wa macho na kichwa. Ulisema haihitaji mlango, na hapo ulikuwa sahihi kuliko ulivyojua: mimi iliniingia kwa unyayo. Nilikaa nayo mchana kutwa na jioni yote, mguu wa kulia umeloa mpaka kwenye kifundo, nikaona aibu kuvua kiatu mbele ya watu. Kila walipogeuka kucheka nilikuwa nakimwaga kikombe ndani ya gambuti, siku ile kama Jumapili nyingine zote, na ndivyo nilivyofika cha tano. Chang'aa sijawahi kuimeza hata kijiko maishani mwangu, Awuor. Nikiinusa tu natapika kama mtoto.

Baba yako mdogo,
Okelo